Dalali wa Nyumba Arusha na Moshi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukitangaza Arusha kwamba unatafuta nyumba, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: usipitie kwa dalali, utalizwa. Vuka daraja la Kikafu uingie Moshi, utaambiwa vilevile. Matapeli wapo, na waliolizwa si wachache. Ila woga huo umewafanya watu wengi wakatae msaada wanaouhitaji, kisha wakaangukia hasara kubwa kuliko hela ya udalali waliyoikwepa.

"Kazi ya dalali ni kufungua geti tu"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inadharau ujuzi halisi. Chukua suala la maji peke yake. Arusha imekaa chini ya mlima Meru, mlima wa volkano, na maji ya visima vingi pande hizi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Wenyeji wengi waliokunywa maji hayo tangu utotoni wana meno ya kahawia. Sasa unakuta tangazo mtandaoni: nyumba ya kujitegemea Usa River, ndani ya fensi, maji saa 24. Maji ya wapi? Tangazo halisemi. Dalali wa eneo lile anajua kama bomba ni la AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, au ni kisima cha mwenye nyumba, na anajua wapangaji waliotangulia walikuwa wakipikia maji ya kununua.

Anajua pia kama LUKU, mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia wapangaji wanne, kama gari dogo linafika mlangoni wakati wa masika, na kwa nini aliyekuwepo alihama kabla kodi yake haijaisha. Hayo huwezi kuyaona kwa kuzungushwa vyumbani dakika kumi mchana wa Jumamosi.

"Ukimkwepa dalali, umeokoa hela"

Tupige hesabu. Kwa nyumba ya kupanga, udalali uliozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kama kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, udalali ni 300,000, na utakachomkabidhi mwenye nyumba kwa miezi sita ni 1,800,000. Swali la maana ni hili: hiyo milioni moja na laki nane unampa nani? Kuna watu wanaopanga nyumba, wakaipangisha tena kwa wengine watatu kama yao, kisha simu zikazimwa. Dalali mwenye kijiwe chake Sakina au Kiboriloni, ambaye mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanamfahamu kwa jina, anamjua mwenye nyumba halisi. Tena hawezi kukuliza leo na kesho akaendelea kukaa palepale akingoja wateja.

Malalamiko ya kweli ni kuhusu cha juu, yaani pale dalali anapoongeza bei kimyakimya. Dawa yake ni kukubaliana udalali kabla ya kuanza kuzunguka, kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu, kisha bei ya nyumba uitamkiwe na mwenye nyumba mwenyewe, dalali akiwepo. Dalali safi hakatai hilo. Akikataa, mwache.

"Kihamba nitanunua kwa mwenyewe, tumeshaelewana"

Hapa Moshi ndipo watu wanapoumia. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kinarithiwa, na mara nyingi wazee wa ukoo wamezikwa humohumo. Anayeishi pale na kukuonyesha mipaka anaweza kuwa mmoja tu kati ya watoto sita, wengine wako Dar es Salaam na Mwanza. Umemlipa, umeanza kumwaga msingi, Desemba wanarudi kula Krismasi na kukuta tofali zako kando ya kaburi la baba yao. Kesi inayofuata Baraza la Ardhi na Nyumba inaweza kuchukua miaka.

Dalali aliyekulia Kibosho au Old Moshi anauliza maswali ambayo mgeni hayajui: mirathi ilifunguliwa? Nani msimamizi? Mjane yuko hai? Na anaweza kukwambia wazi usilipe chochote mpaka ndugu wakutane na kutia saini mbele ya uongozi wa kijiji. Kwa kusema hivyo anachelewesha malipo yake mwenyewe. Dalali wa namna hiyo anastahili kila shilingi anayodai.

"Dalali akisema hati ni safi, basi ni safi"

Hapana. Sehemu hii si yake. Nenda ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi rasmi, uone jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki au zuio, na miaka iliyobaki, maana hati miliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Mkataba uandikwe na wakili. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja.

Bei nayo ina mtaalamu wake. Tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze Olmoti, kila kiwanja upande ule kinauzwa kama kimepakana na geti la uwanja. Dalali atakupa bei ya mtaani. Thamani inayokubalika benki inatolewa na mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

"Dalali ni dalali, awe yeyote"

Dalali wa mahakama anatekeleza amri za mahakama. Huyo ni mwingine kabisa. Na tangu Julai 2025, amri ya serikali imezuia wasio raia kufanya biashara ya udalali wa nyumba na viwanja. Mtanzania anayefanya kazi hii kwa uhalali ana TIN, yaani namba ya mlipakodi, na anakupa risiti.

"Ukishalipa, dalali hana kazi tena"

Mwite siku ya kukabidhiwa funguo. Picha zipigwe za kuta, masinki na vioo, mita ya maji isomwe, na bili ya mwisho ya aliyehama ya AUWSA, au MUWSA kwa Moshi, ionyeshwe imelipwa. Deni likibaki kwenye mita ile, maji yatakatwa wewe ukiwa ndani, na mtu mwenye namba ya simu ya mpangaji aliyetangulia ni dalali.