“Adverse” si “bad” iliyovaa suti

Wengi tumelikariri hivi: “adverse” ni “mbaya” kwa Kiingereza cha wasomi. Makosa mengi huanzia hapo. Asili yake ni Kilatini, “adversus”, kilichogeuka kukukabili. Kwa hiyo neno halipimi ubora wa kitu. Linaonyesha kinamwendea nani kinyume. Ndiyo maana hakuna “adverse teacher” wala “adverse food”, hata mwalimu awe hajui kufundisha na chakula kiwe kimechacha. Linakaa na hali, athari, matokeo, uamuzi. Mvua iliyozuia ndege kuruka ni “adverse weather” kwa rubani, ila mkulima aliyeingojea hawezi kuiita hivyo.

Wapo pia wanaodhani “averse” ni neno lilelile lililodondosha herufi. La. “Averse” ni kutopenda jambo, na hilo limo moyoni mwa mtu: “she is averse to risk”. Lakini walimu wanaoapa kwamba “adverse” halifuatwi kamwe na “to” nao wametia chumvi. Wanasheria huandika “adverse to the client's interests”, na wako sahihi.

Penye hatari zaidi ni kwenye dawa. Watu huchanganya “side effect”, “adverse reaction” na “adverse event” kana kwamba ni kitu kimoja. “Side effect” ni athari ya pembeni, na huweza hata kuwa na faida: minoxidil ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, ikaonekana inaotesha nywele. “Adverse reaction” ni madhara yanayodhaniwa kuletwa na dawa yenyewe. “Adverse event” ni dhara lolote la kiafya linalompata mtu baada ya kutumia dawa, iwe imehusika au haikuhusika. Kwenye majaribio ya chanjo, mshiriki akichanjwa asubuhi na jioni akateguka mguu ngazini, nalo huandikwa. Anayesoma orodha hiyo na kutangaza kuwa chanjo inategua miguu hajakielewa Kiingereza chake.

Na “adverse possession” katika sheria ya Uingereza? Si lazima pawe na ugomvi wala mapanga. Ni kushikilia ardhi ya mwingine kwa miaka mingi bila idhini yake, hadi uweze kudai iwe yako. Mwenyewe akikuruhusu ukae, hata kwa mdomo tu, madai hayo hayasimami.