Lucille Ball hakuwa wa vichekesho tu

Wengi wanaomkumbuka Lucille Ball, yule mwigizaji mwenye nywele nyekundu wa I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, hudhani vituko vyake vilimjia papo hapo mbele ya kamera, na kwamba biashara alimwachia mumewe, Desi Arnaz. Si kweli.

Kipindi kilipoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS mwaka 1951, alikuwa na miaka 40 na alishacheza filamu nyingi Hollywood. Vituko viliandikwa na waandishi, kisha vikafanyiwa mazoezi kwa siku kadhaa kabla ya watazamaji kuingia studio. Kifaa alichokitumia kuchekesha alikifanyia mazoezi tena na tena mpaka mikono izoee.

Arnaz alikuwa mfanyabiashara hodari, hilo halina ubishi. Lakini walitalikiana mwaka 1960, na mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za Arnaz katika Desilu, kampuni yao ya kutengeneza vipindi, akawa bosi. Wazo la Star Trek, tamthilia ya safari za anga za mbali, lilipoletwa mezani, baadhi ya wakurugenzi waliogopa gharama, yeye akalipitisha. Mwaka 1967 akakubali kuiuza Desilu kwa kampuni ya Gulf and Western.