Salfa ya ruzuku si ya bure, jamani

Wiki iliyopita, kwenye ghala moja huku Newala, mzee ninayemheshimu sana alikabidhiwa mfuko wa salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, uliofunguliwa mdomo na kushonwa tena kwa uzi wa katani. Tukaupima: kilo 21 badala ya 25. Nikamwomba asisaini kwanza fomu ya kupokea. "Bibi shamba, niache mwanangu," akasema. "Cha bure hakina mjadala." Akasaini, akaufunga kwenye baiskeli, akaondoka.

Kauli hiyo nimeisikia Tandahimba, Masasi hadi Nachingwea, tena kwa watu wasiokubali kupunjwa hata fungu la dagaa sokoni. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Korosho ghafi ikisafirishwa nje hutozwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Yaani si chini ya senti 16 za dola kwa kila kilo. "Lakini anayelipa ni mnunuzi," wananiambia. Hapo ndipo subira inaponiishia. Mnunuzi akija mnadani ameshapiga hesabu yake: ushuru, usafiri, faida. Kinachobaki ndiyo bei yako. Kwenye malipo yako utaona makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu na ya halmashauri. Ushuru wa kusafirisha nje hutauona, kwa sababu umeshatoka kabla bei haijasomwa. Usiloliona limekatwa, likirudi ghalani kama salfa unaliita zawadi!

Nakiri kwamba si ushuru wote unaomwangukia mkulima. Msimu ambao wanunuzi wa India na Vietnam wanagombania mzigo, sehemu wanaibeba wao. Kiasi hubadilika mnada hadi mnada, na simwamini anayenitajia namba moja ya kudumu.

Fedha yenyewe nayo imebadilishiwa njia. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilitengwa kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Wenye mikorosho wanakumbuka walivyonunua salfa kwa hela zao baada ya hapo.

Sasa zile kilo nne. Mkorosho mmoja unapuliziwa robo kilo kwa mzunguko, kwa hiyo mfuko kamili unatosha miti 100. Kilo nne ni miti 16. Unaamka alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, unapuliza hadi salfa inaisha, na miti 16 inabaki mitupu. Ubwiriunga ukiipata, maua yanashika unga mweupe na kukauka kabla ya kufunga, kisha upepo unaubeba ugonjwa hadi kwenye ile uliyoihangaikia.

Hata kugawa salfa kwa kuhesabu miti peke yake kuna walakini, naona. Mkongwe uliochoka na ule unaozaa vizuri wote huandikwa mti mmoja, ingawa kazi ya kuupulizia kila mmoja ni tofauti kabisa. Hilo tuendelee kulibishania vikaoni.

Pima kabla ya kusaini. Ikipungua, andika kwa mkono kilo ulizopokea pembeni ya sahihi yako. Na kama mjukuu wa mzee wangu anasoma hapa, amwambie nimeomba fomu yake irudi mezani. Aje Jumatatu na mfuko ulivyo, asikate ule uzi.