Njia ya miguu na baiskeli kando ya barabara kuu ya pwani: ipite upande gani?

Mpe mtu ramani ya barabara kuu inayofuata pwani, umwombe achore njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Kalamu itakwenda upande wa bahari bila kusita, kwa kuwa huko ndiko kwenye mandhari. Mara nyingi atakuwa amepatia, ila si kwa sababu aliyoifikiria.

Baiskeli ikishatengewa njia yake, hatari ya kugongwa na gari hubaki zaidi kwenye makutano: mdomo wa barabara ya mtaani, lango la kituo cha mafuta, mahali pa kuingilia maegesho. Dereva anayetoka mtaani hutazama kule magari yanakotokea. Baiskeli inayomjia kutoka mkono wa pili, kwenye njia inayotumika kwenda na kurudi, hakuitegemea. Upande wa bahari hauna mitaa, na huenda ikapita kilomita nzima pasipo lango hata moja. Huo ndio uzuri wake mkubwa.

Tatizo ni kwamba watu hawaishi baharini. Nyumba, shule na ofisi nyingi ziko ng'ambo, kwa hiyo safari ya kazini itaanza kwa kuvuka barabara kuu na kumalizika kwa kuivuka tena. Hapa ndipo michoro mingi mizuri huharibikia. Fedha huishia kwenye lami ya ufukweni, vivuko vikaachwa vingoje awamu ya pili, na awamu ya pili sote tunajua ilivyo. Kwangu mimi mpangaji aanze na vivuko, kisha achore njia inayoviunganisha.

Kivuko kizuri ni kile kilicho pale watu wanapovukia tayari. Daraja la juu lenye ngazi huonekana salama kwenye mchoro, lakini mwenye haraka, mwenye mzigo au mwenye baiskeli atalipita chini yake. Afadhali taa za kuvukia pamoja na kisiwa cha katikati, ili mtu avuke upande mmoja wa magari kwa wakati mmoja. Mwendo wa magari nao upunguzwe kabla ya hapo. Gari la kilomita 60 kwa saa hubeba nishati mara 4 ya lile la kilomita 30, na mwili wa binadamu hauna kinga. Tazameni pia makalavati, yale matundu ya kupitishia maji chini ya barabara. Vijito vyote vya pwani hupita chini ya barabara kuelekea baharini, na kalavati linapofika wakati wa kujengwa upya, linaweza kuongezewa tundu la watu kupita, mradi sakafu yake iwe juu ya maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida.

Urefu wa njia huwadanganya wengi. Mtu hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, na mwendesha baiskeli wa kawaida huenda 15 hadi 20. Kwa nusu saa huyo wa kwanza amefika kilomita 2 na nusu, wa pili 8 hivi. Njia ya kilomita 12 basi hubeba safari nyingi fupi zilizopandana, na ni wachache watakaoimaliza yote. Kinachoamua kama itatumika ni idadi ya mahali pa kuingilia na kutokea.

Kule California, barabara ya zamani ya Devil's Slide iligeuzwa njia ya matembezi mwaka 2014, baada ya magari kuhamishiwa kwenye mahandaki. Ni kama kilomita 2 za mandhari ya kuvutia, na ncha zote mbili zina maegesho ya magari. Kwa matembezi hiyo inatosha. Njia ya kazini haiwezi kuishia kwenye maegesho.

Upepo husahaulika kwa sababu hauonekani kwenye ramani. Mtu akiendesha kwa kilomita 15 kwa saa huku upepo wa mwendo huohuo ukimkabili, hewa anayoipasua ni ya kilomita 30, na ukinzani wake ni mara 4 ya ule wa siku tulivu. Anayekutana na hali hiyo kila jioni atarudi kwenye basi. Tena upepo wa bahari, ambao hushika nguvu mchana nchi kavu inapopata joto, huvuma kuelekea nchi kavu. Kwa aliye upande wa bahari maana yake ni kusukumwa kuelekea magari. Mstari wa rangi haumsaidii. Anahitaji nafasi ya kuyumba, na kizuizi kigumu baada ya nafasi hiyo. Kwa ajili ya kupunguza upepo, kichaka kinachopitisha hewa kidogo hufaa kuliko ukuta mzima, maana ukuta unapokatika upepo humpiga mtu ghafla.

Upana wa mita 3 ni mdogo pale wenye miguu na wenye baiskeli wanapochangia njia moja kwenda na kurudi. Wakiwa wengi, watenganishwe, kama ilivyofanywa kwenye ukuta wa bahari wa bustani ya Stanley Park, Vancouver, Kanada. Na pale mlima unapoingia baharini, upana hupatikana kwa kuchukua nafasi ya magari au kwa kutoka nje juu ya maji. Daraja la Sea Cliff huko New South Wales, Australia, lilifunguliwa mwaka 2005 baada ya mawe kuporomoka na kuifunga barabara ya zamani. Lina mita 665, na njia ya miguu na baiskeli iliwekwa humohumo tangu mwanzo. Kuibandika baadaye kungegharimu zaidi.

Bahari nayo ina madai yake. Kati ya 1901 na 2018 usawa wake duniani ulipanda takriban sentimita 20. Dhoruba ikikutana na bamvua, mawimbi huruka ukuta. Januari 2022 yaling'oa vipande vya njia ya Stanley Park. Chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Taa ziwe za chini na za rangi ya kaharabu (njano inayokaribia chungwa) palipo na kasa, kwani watoto wao huufuata mwanga na kuikosa bahari.

Kisha kuna mchanga. Magari huusukuma pembeni kwa magurudumu yao, baiskeli huutelezea. Kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa, iandikwe ni nani atakayefagia, kila baada ya siku ngapi, na siku ya dhoruba wasafiri watapitishwa wapi.