Kikoa Kimoja, Akaunti Mbili: Mwenyewe Nani?

Umefungua akaunti mpya ya kuhifadhi tovuti, unaandika jina la kikoa chako, yaani anwani ya tovuti kama zile zinazoishia na .com, na mfumo unakukatalia: jina hili linatumika katika akaunti nyingine. Wengi wanaotufikia na tatizo hili huja wakiamini wameibiwa. Mara nyingi hakuna mwizi. Jina limebaki katika akaunti ya fundi aliyetengeneza tovuti ya kwanza, au ya mfanyakazi aliyekwisha ondoka, au yako mwenyewe uliyoifungua kwa barua pepe uliyoisahau.

Mfumo una sababu ya kukataa. Seva moja huweza kubeba mamia ya tovuti kwenye anwani moja ya IP, ikizitofautisha kwa majina tu. Jina moja likikaa katika akaunti mbili, seva haitajua mgeni aelekezwe wapi.

Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba akaunti yenye jina ndiyo yenye haki. Usajili wa kikoa, DNS (mfumo unaoonyesha jina linaelekea seva ipi), na seva inayotunza mafaili ni mambo matatu, na yanaweza kuwa mikononi mwa kampuni tatu. Anayetambuliwa kuwa mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya vikoa. Kwa hiyo anza kwa kutafuta taarifa za usajili. Kwa majina kama .com na .org, taarifa hizo hutafutwa kwa huduma ya RDAP, ndiyo iliyochukua rasmi nafasi ya ile ya zamani, WHOIS, tangu Januari 28, 2025. Jina la mtu huenda limefichwa, lakini utaona msajili ni nani, usajili unaisha lini, na kikoa kinatumia seva zipi za majina, yaani zinazotunza rekodi zake za DNS. Hapo utajua mlango wa kubisha.

Kisha iandikie kampuni inayohifadhi tovuti, ukiomba jina liondolewe kwenye akaunti ya zamani. Kwa kawaida watakupa msimbo uuweke kwenye DNS kama rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi tu), kwa kuwa asiye na mamlaka juu ya kikoa hawezi kuiweka. Tafadhali usimkasirikie afisa anayedai uthibitisho huo. Angelitoa jina kwa maneno matupu, kesho mtu mwingine angelichukua lako kwa njia hiyo hiyo.

Kabla jina halijaondolewa, nakili mafaili, hifadhidata, rekodi zote za DNS na, nasisitiza, barua pepe. Katika mifumo mingi masanduku ya barua yamefungamana na kikoa ndani ya akaunti, na kikifutwa nayo hufutika. Inaniuma kila ninapomwona mtu amerudishiwa jina lake huku barua za miaka mingi zimepotea. Punguza pia TTL, yaani muda ambao rekodi ya DNS hukumbukwa, mapema: rekodi yenye sekunde 86400 huweza kukumbukwa na seva nyingine kwa saa 24 nzima baada ya kuibadilisha. Na usiguse kitufe cha kufuta kwa msajili. Kuondoa jina kwenye akaunti ya kuhifadhi tovuti hakuhusiani na kufuta usajili.

Kazi ni ngumu zaidi pale fundi aliposajili kikoa kwa jina lake. Kampuni ya kuhifadhi tovuti haiwezi kuamua ugomvi huo. Kusanya mkataba, risiti na barua mlizoandikiana, kisha umwombe abadilishe jina la mwenye usajili au akupe msimbo wa uhamisho, unaokuwezesha kukihamishia kikoa kwa msajili mwingine. Kumbuka kwamba msajili anaweza kukataa uhamisho ndani ya siku 60 tangu kikoa kisajiliwe au kihamishwe mara ya mwisho. Utaratibu wa kutatua migogoro ya vikoa uitwao UDRP, ulioanzishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, unahusu alama za biashara na majina yaliyosajiliwa kwa nia mbaya. Ugomvi wa malipo au mkataba kwa kawaida ni wa mapatano au mahakama.

Na hata mambo yakiisha vizuri, hakikisha seva ya zamani imelisahau jina kabisa. Ikibakiza kumbukumbu zake, itaendelea kuamini kwamba barua za kikoa chako ni zake. Wateja wanaotumia seva hiyo hiyo wakikuandikia, barua zitaishia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu, nao hawataona ujumbe wowote wa kosa. Iombe kampuni ifute kumbukumbu hizo, kisha umwombe mtu aliye kwenye seva hiyo akutumie barua ya majaribio.