Minyoo ya kuku wa kienyeji: lini utoe dawa, lini uiache dukani

Ukipasua utumbo wa kuku wa kienyeji aliyekomaa, mara nyingi utakuta minyoo, hata kama kuku huyo alikuwa mnene na anataga bila shida. Kuku anayechakura uani siku nzima huishi nayo. Ndiyo maana ule ushauri uliozoeleka wa "wape dawa kila baada ya miezi mitatu" haufai kuchukuliwa kama amri. Kwa mfugaji mmoja unakuwa sawa, kwa mwingine ni hela iliyotupwa, na kwa wa tatu dawa inafika wakati matetea wake wameshadumaa. Kabla ya kwenda duka la dawa za mifugo, angalia umri wa kuku, aina ya mnyoo uliopo, na mvua zimefikia wapi.

Hasara kubwa huletwa na mnyoo mkubwa wa duara, Ascaridia galli. Mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa bado hayawezi kuambukiza. Kwenye maranda yenye joto na unyevunyevu huiva kwa takriban wiki mbili; juani kwenye udongo mkavu mengi hufa, lakini kivulini yanaweza kukaa miezi mingi. Kuku akiyadonoa, viluwiluwi hutoka na kujichimbia kwenye ukuta wa utumbo kwa siku kadhaa, kisha hurudi katikati ya utumbo na kukomaa. Tangu yai limezwe hadi mnyoo nao uanze kutaga hupita wiki tano hadi nane.

Hesabu hiyo inajibu maswali mengi. Kifaranga wa wiki mbili au tatu anayesinzia, mbawa zimelegea na kinyesi kina damu, haugui minyoo ya duara, kwani haijapata muda wa kukomaa. Mshukiwa wa kwanza hapo ni kuhara damu, yaani koksidiosisi, na tiba yake ni dawa nyingine kabisa, kwa mfano amproliamu. Vifaranga wengi hufa huku mwenyewe akiwanywesha dawa ya minyoo na kusubiri matokeo. Anayeumizwa hasa na minyoo ni kuku wa kati ya mwezi mmoja na nusu na miezi mitatu. Baada ya hapo mwili hujenga kinga kiasi, na kuku mkubwa anayekula vizuri huvumilia minyoo michache bila kuonyesha lolote.

Kuwapima kwa macho na mikono

Kamata kuku watano au sita wa rika moja jioni wakiwa wameingia bandani. Papasa mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka na nyama pembeni imebonyea, kuku amekonda. Tazama kilemba na utando wa ndani ya kope. Vikiwa vimepauka, damu imepungua. Lakini usikimbilie kusema ni minyoo. Geuza manyoya chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja, na uangalie ngozi ya pembeni mwa macho: viroboto wanaong'ang'ania hapo, chawa, pamoja na utitiri unaotoka kwenye nyufa za banda usiku, wote huweza kumpunguzia kuku damu na kumpausha vilevile. Kuhara kijani pamoja na shingo kupinda ni dalili za kideri. Miguu inayopooza, mmoja mbele na mwingine nyuma, huelekeza kwenye ugonjwa wa Mareki. Na kuku wanaolishwa pumba tupu wakati wa kiangazi watakonda hata wasipokuwa na mnyoo mmoja.

Kipimo kizuri ambacho mfugaji anacho na hakitumii ni kuku wa kitoweo. Siku ya kuchinja, usitupe utumbo mara moja. Chukua mkasi, anzia pale firigisi inapoishia, pasua utumbo kwa urefu juu ya sahani yenye maji safi na uukung'ute taratibu. Minyoo mikubwa ya duara utaiona bila miwani: mieupe au ya manjano hafifu, minene kama tambi zilizopikwa, urefu wa sentimita 5 hadi 12. Tegu ni bapa na wana pingili, na kichwa chao hushika ukuta wa utumbo kiasi kwamba hawatoki kwa kukung'utwa. Kisha pasua yale matawi mawili yaliyoziba ncha mwishoni mwa utumbo, uangalie hasa kwenye ncha. Humo hukaa Heterakis, minyoo myembamba ya kama sentimita moja. Yenyewe haimsumbui sana kuku, ila hubeba kijidudu kinacholeta ugonjwa wa ini kwa bata mzinga. Anayefuga bata mzinga na kuku ua mmoja asiidharau.

Minyoo aina ya Capillaria ni myembamba kama unywele na hukaa kwenye gole au utumbo mwembamba. Hii ni rahisi kuikosa kwa macho, nayo inaweza kuua. Ukiona kuku wanakonda na kufa wakati utumbo unaonekana hauna kitu, hapo ndipo maabara inahitajika.

Unaamuaje baada ya kuona? Tetea mnene mwenye minyoo mitatu minne si sababu ya kutibu kundi zima. Kuku wa miezi miwili aliyekonda na utumbo umejaa minyoo ni sababu tosha, na wenzake wa rika lake wote wahesabiwe kuwa hivyo hivyo. Kati ya hali hizo mbili, pima kinyesi.

Kwa Tanzania, kinyesi hupimwa kwenye maabara za Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA), zilizopo Dar es Salaam na katika kanda kama Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora na Mtwara. Wa Morogoro wako karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine. Okota kinyesi kibichi asubuhi, vipande kumi au zaidi kutoka kwa kuku wa rika moja, ukichanganya kile cha kawaida chenye weupe juu na kile cha kahawia kinachonata. Tia kwenye mfuko safi wa plastiki, kamua hewa itoke, funga, weka mahali pa baridi bila kugandisha, na ufikishe siku hiyo hiyo. Andika umri wa kuku, idadi yao, na tarehe ya mwisho ya kuwapa dawa. Mtaalamu akisoma matokeo hukumbuka jambo moja: mayai ya Ascaridia na ya Heterakis hufanana sana kwenye hadubini, kwa hiyo idadi kubwa ya mayai haitoshi kusema ni mnyoo upi. Taarifa ya ulichokiona siku ya kuchinja inamsaidia.

Wakati wake

Kuku wanaokua wapewe dawa ya kwanza wakiwa na wiki sita hadi nane kama wamelelewa chini, kwenye maranda au uani. Waliolelewa juu ya sakafu ya mabanzi au wavu, kinyesi kikidondoka chini wasikoweza kukidonoa, wanaweza kusubiri kipimo.

Kwa kuku wakubwa, majira ndiyo yanayoongoza. Mvua huhifadhi mayai ya minyoo na huleta wadudu wanaobeba tegu: sisimizi, nzi, mbawakavu, konokono. Nyungunyungu nao hubeba mayai au viluwiluwi vya minyoo ya duara. Kwenye maeneo ya vuli na masika, dawa ya mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kuanza, hupunguza mayai yatakayomwagwa uani hali ya hewa ikigeuka. Dodoma, Singida na kwingine kwenye msimu mmoja wa mvua, muda huo ni Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wiki sita hadi nane baada ya mvua kuanza, rudia ukaguzi, hasa kwa kuku wadogo. Mwenye uwezo wa kununua dawa mara moja tu kwa mwaka aielekeze kwa kuku wanaokua, wakubwa watavumilia.

Kuku mama ana nafasi yake nzuri ambayo wengi huiacha ipite. Ni zile siku ambapo ameshawaacha vifaranga na hajaanza kutaga tena. Hapo hakuna yai la kutupa kwa sababu ya dawa, hakuna yai la kuatamishwa lenye mabaki, na atakapoangua tena atakuwa hamwagi mayai mengi ya minyoo mbele ya vifaranga. Anayeatamia huwa anakunywa maji kidogo sana, hivyo dawa ya kwenye maji haimfikii. Kuku anayenyonyoka manyoya asipewe dawa za jamii ya albendazo na fenbendazo, kwani manyoya mapya yanaweza kuota yakiwa na kasoro.

Chanjo ya kideri nayo iingie kwenye mpango. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kuku aliyelemewa na minyoo hajengi kinga vizuri. Kama kundi linahitaji dawa, itangulie chanjo kwa wiki moja au mbili. Lakini kama hakuna dalili wala minyoo, usiicheleweshe chanjo kwa kungoja hela ya dawa. Kideri huangamiza banda zima kwa siku chache. Minyoo haina haraka hiyo.

Dawa ipi, na kiasi gani

Piperazini ndiyo ya bei nafuu na iko kila duka. Hupoozesha minyoo mikubwa ya duara, ikatoka na kinyesi ikiwa bado hai. Viluwiluwi vilivyojichimbia kwenye ukuta wa utumbo haivifikii, kwa hiyo hurudiwa kadiri lebo inavyosema, mara nyingi baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa tegu haifai kitu. Levamiso ina nguvu kwa aina nyingi zaidi za minyoo ya duara. Albendazo na fenbendazo nazo huenda mbali zaidi, lakini kwa tegu hasa ulizia prazikwanteli au niklosamaidi kupitia kwa afisa mifugo.

Kosa linaloharibu kazi zaidi ya yote ni kukisia uzito. Funga kuku kwenye mfuko, mtundike kwenye mizani ya kuning'iniza, pima wachache wa kila rika. Tuseme una matetea 12 wa kilo 1.6, jogoo wa kilo 2.2, na kuku wadogo 15 wa gramu 600. Jumla ni kilo 30.4. Kama lebo inasema miligramu 25 kwa kila kilo, unahitaji miligramu 760. Unga wenye asilimia 10 ya dawa utapimwa gramu 7.6, wenye asilimia 20, gramu 3.8. Pakiti mbili zenye picha ya jogoo yule yule zinaweza kutofautiana mara mbili, na kijiko cha chai hakijui tofauti hiyo. Dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuiacha sugu izaliane.

Dawa zinazoyeyuka, kama piperazini na levamiso, ndizo za kwenye maji. Wafungie kuku bandani tangu jioni, ondoa maji alfajiri kwa saa moja au mbili, kisha weka dawa kwenye maji kidogo watakayoyamaliza kwa saa chache. Kwa kilo 30 za kuku, lita moja na nusu hadi mbili zinatosha siku isiyo na joto kali. Tenga wadogo na wakubwa, kila kundi na hesabu yake, la sivyo jogoo atakunywa dozi ya vifaranga. Usiwanyime maji mchana wa jua. Msimu wa mvua, kuku walioachwa nje watakunywa kwenye madimbwi na kuipuuza ndoo yako.

Albendazo ya maji huzama chini ya chombo, hivyo mpe kila kuku mdomoni kwa sirinji isiyo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Tundu la njia ya hewa liko nyuma ya ulimi. Dawa ikimwagwa katikati kwa nguvu huingia kwenye mapafu. Tikisa chupa kabla ya kila kuku.

Mwarobaini, shubiri na mbegu za papai hutumika sana. Baadhi ya mimea hii imeonyesha uwezo fulani kwenye majaribio, lakini majani uliyoyaponda leo na ya wiki ijayo hayana nguvu sawa, na uchungu wake huwafanya kuku wanywe maji kidogo. Tumbaku iache kabisa: nikotini yake ni sumu kwa kuku.

Waache kuku ndani siku moja hadi mbili baada ya dawa, kisha zoa maranda yote. Yarundike mbali na banda, yaloweshe kidogo na kuyageuza kila wiki mbili; joto la katikati ya lundo huua mayai ya minyoo, kazi ambayo dawa nyingi za kusafishia banda haziiwezi. Ukiweka maranda mapya juu ya ya zamani, kuku wataanza kudonoa mayai yaliyoiva siku hiyo hiyo.

Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kula nyama na mayai. Hutofautiana kwa dawa na kwa mtengenezaji, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Lebo isiyotaja mayai usiichukulie kuwa imeruhusu. Mayai ya siku hizo yasiuzwe. Siku 10 hadi 14 baada ya dozi, peleka tena kinyesi cha rika lile lile: mayai ya minyoo yakiwa bado mengi, ama dozi ilikuwa ndogo, ama kuku hawakunywa, ama dawa hiyo haifanyi kazi tena uani kwako, na afisa mifugo akupe ya jamii nyingine.