Kilimo hai na biashara ya haki: maana yake kwa mkulima wa karafuu

Wakulima wengi wa Pemba husema wamo katika kilimo hai tangu enzi za babu zao, kwa kuwa mikarafuu yao haijapata kutiwa mbolea ya viwandani wala kupuliziwa dawa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, kwani shamba lililotelekezwa likaota magugu nalo halina dawa. Kilimo hai ni utaratibu wa kuirutubisha ardhi ili nayo iulishe mmea: samadi na mboji hurudishwa shambani, majani makavu huachwa yawe matandazo, na wadudu waharibifu hudhibitiwa na maadui wao wa asili. Mfano tunao hapa hapa, nao ni majimoto, wale sisimizi wakali wanaouma na kushona majani yakawa kiota. Huwinda mdudu anayefyonza vidaka vya minazi vikapukutika. Mchumaji wa karafuu huwalaani kila anapopanda mti, na simlaumu.

Utaratibu huo hauishii shambani. Karafuu iliyochumwa na kuchambuliwa vizuri, kisha ikaanikwa pembezoni mwa lami badala ya juu ya jamvi, hunasa vumbi na mafuta ya magari. Ndiyo maana mkaguzi hutaka kumbukumbu za kila hatua. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Soko la Ulaya, kwa miti ya kudumu, kwa kawaida hudai kipindi cha mpito cha miaka 3, yaani shamba lifuate utaratibu huo kwanza kabla zao lake halijauzwa kama la kilimo hai. Kwa kuwa ukaguzi ni ghali kwa mwenye mikarafuu michache, wakulima hujiunga katika kikundi na kukaguana wenyewe kwanza, ingawa mmoja akipulizia dawa kwa siri, mzigo wa wote unaweza kuzuiwa.

Biashara ya haki ni jambo jingine, kwa sababu yenyewe huuliza zao limeuzwaje. Nembo yake ya kwanza ilianza Uholanzi mwaka 1988, kwa kahawa ya Mexico. Mazao mengi yaliyomo humo huwekewa bei ya chini kabisa, na juu yake mnunuzi huongeza fedha ambazo wakulima wenyewe hupiga kura kuamua zijenge kisima, ghala au darasa. Bei ya karafuu inayotangazwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, humpa mkulima uhakika fulani, lakini hiyo peke yake haiwi biashara ya haki, ambayo hudai pia ushirika wenye sauti, marufuku ya ajira ya watoto, na kuangaliwa kwa hali ya vibarua, akiwemo mchumaji anayelipwa kwa pishi.